Mwani wa kusafisha majitaka ya shule: tumeletewa mirija ya vioo, wajuzi nisaidieni kabla bodi haijasaini

Kisiki cha Mvule

Habari zenu wakuu,

Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule moja ya bweni huku Tanga, wanafunzi 800. Shida yetu mnaijua: mashimo ya vyoo yanajaa, gari la kunyonya linaitwa, hela inatoka. Mvua za masika zikikolea ndiyo balaa, yanafurika na kuteremka bondeni kwenye mashamba ya watu.

Sasa imekuja kampuni na wasilisho zuri kweli. Watatufungia mirija ya vioo imejaa mwani mdogo usioonekana kwa macho (si ule wa baharini unaolimwa Paje na Jambiani, Zanzibar). Majitaka yanaingia machafu upande huu, yanatoka masafi upande ule. Mwani unavunwa, unakamuliwa mafuta ya kuendeshea jenereta, na makapi yanauzwa kama unga wa lishe, spirulina. Mradi unajilipa wenyewe, eti. Mkuu wa shule ameshalewa na maneno hayo, mimi bado roho inasita. Bei yenyewe siitaji hapa, mtanicheka.

Swali langu: mwani unasafisha majitaka kweli, au tunapigwa?

Dafu Bichi

Nimekaa mkeka wa mbele kabisa, wajuzi waje.

Mama Kiherehere

Hapo kwenye unga wa lishe unaotoka chooni ndipo niliposhukia. Kituo kinachofuata mpeleke mkuu wa shule peke yake.

Mlinda Bwawa

Mkuu Kisiki, nimefanya kazi kwenye mabwawa ya majitaka mpaka nimezeekea humo, acha nijibu kwa kirefu. Jibu fupi: mwani unasafisha, tena vizuri. Lakini hao jamaa wanakuuzia kitu ambacho jua la Tanga linakupa bure, halafu kazi ngumu yenyewe wameificha kwenye neno moja tu, "unavunwa".

Tuanze na hilo la bure. Ukipita Vingunguti jijini Dar, karibu na Mto Msimbazi, au Mabogini kule Moshi, au Ruai mashariki ya Nairobi ambako majitaka ya jiji yanaishia, utaona mabwawa ya kijani. Ule ukijani ni mwani, na ndio mtambo wenyewe. Hakuna mtu aliyeupanda. Unakuja na upepo, miguu ya ndege na maji yenyewe, bwawa jipya linageuka kijani lenyewe ndani ya wiki kadhaa.

Kazi yake iko hivi. Kinyesi na mabaki ya jikoni vinaliwa na bakteria, na bakteria wa kazi hiyo wanahitaji oksijeni. Kwenye mitambo ya miji mikubwa ya Ulaya oksijeni inasukumwa kwa mashine za umeme usiku na mchana, na hapo ndipo bili inapokwenda. Kwenye bwawa la kijani mwani ndio unaotoa oksijeni kwa nguvu ya jua. Bakteria nao wakila wanatoa hewa ukaa, naitrojeni na fosforasi, na mwani unavichukua. Kila mmoja anaishi kwa kile anachokitema mwenzake. Aliyelichambua jambo hili kitaalamu ni William Oswald wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1950. Yeye hakuishia kwenye bwawa lililotulia. Alibuni mfereji wa kina kifupi, sentimita 30 hivi, unaojizungukia, na gurudumu la makasia linasukuma maji polepole ili kila tone lipate jua. Mpaka leo mabwawa ya namna hiyo yanajengwa duniani.

Halafu kuna kazi ambayo wauzaji hawaitaji kwa sababu haina pesa. Saa nane mchana, jua likiwa kali, mwani unakuwa umenyonya karibu hewa ukaa yote iliyoyeyuka, na pH (kipimo cha uchachu au umagadi wa maji) inapanda kupita 9. pH hiyo, oksijeni iliyozidi na mwanga vikikutana vinawaua bakteria wengi wa kinyesi, bila klorini. Ndiyo maana mabwawa ya mwisho yanachimbwa kina cha mita moja tu, ili mwanga ufike chini. Mayai ya minyoo hayauawi kwa njia hiyo, yenyewe yanazama tu kwa uzito wake, kwa hiyo maji lazima yakae bwawani siku za kutosha.

Nitarudi kwenye mahesabu ya shule yako, ngoja ninywe chai.

Sauti ya Mtaa

Mkuu Mlinda Bwawa mimi niko Kenya, naishi karibu na mabwawa ya mji fulani, sitautaja. Mnasifu hii kitu kama dawa lakini jioni hatuwezi fungua dirisha. Na kuna wakati maji inakuwa rangi ya waridi, si kijani. Hiyo nayo ni mwani?

Mlinda Bwawa

Hapana ndugu yangu, hiyo waridi ni bakteria wa salfa, na ni ishara mbaya. Bwawa limelishwa uchafu kupita uwezo wake, oksijeni imeisha, mwani umezidiwa, hao ndio wanashika nafasi. Likizidi kulemewa linageuka kijivu, kisha jeusi, hapo ndipo harufu inapowafuata mpaka sebuleni. Sisi wa bwawani tunasoma rangi kabla hata ya kuchukua sampuli. Kijani kilichokolea, usingizi mzuri. Waridi, tafuta nani ameongeza mzigo au tope limejaa kiasi gani.

Mara nyingi ni tope. Bwawa linachimbwa, linazinduliwa kwa mbwembwe, miaka inapita hakuna aliyetoa tope. Bwawa la kina cha mita 3 linabaki na mita 1 ya maji, halafu watu wanasema teknolojia imeshindwa. Sababu nyingine ni viwanda. Mwani unaishi kwa jua kama mmea, ukiumwagia kemikali za viwanda vya ngozi au rangi za nguo unakufa kama mmea wowote, na Vingunguti inapokea vyote, magari ya kunyonya pamoja na maji ya viwanda.

Kisiki cha Mvule

Asante sana mkuu. Sasa kwa watu 800 ninahitaji eneo gani? Shule ina eka kadhaa upande wa bonde.

Mlinda Bwawa

Kipimo tunachotumia kinaitwa BOD, yaani oksijeni ambayo uchafu utaidai ili uliwe wote. Mtu mmoja huku kwetu tunamkadiria gramu 40 kwa siku. Watu 800 ni kilo 32 kwa siku.

Bwawa la kwanza halina mwani kabisa. Ni shimo refu, mita 3 au 4, lisilo na hewa, uchafu mzito unazama na kuozea humo. Kwa kilo 32 unahitaji mita za ujazo 107 hivi, dogo tu. Kwenye joto la digrii 20 linaondoa kama asilimia 60 ya mzigo, na Tanga ni zaidi ya hapo, ila tukadirie kwa tahadhari. Zinabaki kilo 12.8.

Bwawa la pili, lenye kina cha mita 1.5, ndilo la mwani. Kanuni inayotumika sana inaruhusu kilo 350 za BOD kwa hekta kwa siku pale ambapo wastani wa joto wa mwezi wa baridi kuliko yote ni digrii 25. Zako 12.8 zinataka mita za mraba 366. Hilo ni eneo dogo kuliko uwanja wa mpira wa kikapu! Maji mkitumia lita 50 kwa kichwa yatakaa humo kama siku 13 au 14. Baada ya hapo unaongeza mabwawa mawili madogo ya mita 1 ya kuua vijidudu.

Sasa angalia joto linavyobadilisha mambo. Shule hiyo hiyo ingekuwa nyanda za juu ambako mwezi wa baridi una wastani wa digrii 15, bwawa la kwanza lingeondoa nusu tu, na la pili lingetaka karibu mita za mraba 960. Kwa hiyo ramani iliyochorwa kwa ajili ya pwani usiinakili ukaipeleka Njombe.

Eka zako kadhaa zinatosha na chenji inabaki. Mirija ya vioo ina maana pale ardhi ni adimu na unachokitafuta ni mwani safi wa aina moja, wa dawa au vipodozi. Kuweka kinyesi kwenye vioo ni kujitafutia kazi ya kusugua, maana kuta za ndani zinashika utando na mwanga hauingii tena.

Mchele wa Moshi

Naunga mkono kuhusu Mabogini. Maji yanayotoka kwenye yale mabwawa wakulima wa mpunga wanayagombania, wanajua yana mbolea ndani. Ukitaka kuona ugomvi, fungia watu maji hayo msimu wa kiangazi.

Daktari wa Zamu

Wanayagombania, sawa, ila afya nayo isisahaulike. Shirika la Afya Duniani mwaka 1989 liliweka kipimo cha maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi: bakteria wa kinyesi wasizidi 1,000 kwa mililita 100, na yai la minyoo lisizidi moja kwa lita. Mpunga unapikwa, mchicha unapikwa, lakini nyanya na kachumbari ni hadithi nyingine. Na anayeingia shambani peku ndiye wa kwanza kuupata huo mnyoo, kabla ya mlaji.

Mlinda Bwawa, na mbu je? Nisije nikapata wagonjwa wa malaria kutoka shuleni kwa Kisiki.

Mlinda Bwawa

Mbu wanazaliana kwenye majani ya ukingoni na kwenye utando unaoelea, katikati ya bwawa palipo wazi na upepo hawapati nafasi. Ukingo ujengwe kwa mawe au zege pale maji yanapogusana na udongo, nyasi zifyekwe, utando uondolewe. Kijana mmoja mwenye fyekeo na upawa wa mpini mrefu anatosha. Tatizo ni kwamba kijana huyo ndiye wa kwanza kuachishwa kazi bajeti ikibana.

Msomi wa Usiku

Mnamponda mtu wa mirija bila kumsikiliza. Hispania, pale Chiclana de la Frontera, kampuni ya maji ya Aqualia ililima mwani kwa majitaka ya mji, ikapata gesi na magari yakatembea kwa gesi hiyo. Mradi uliitwa All-gas na Umoja wa Ulaya uliuchangia. Sasa hiyo nayo ni ndoto?

Mlinda Bwawa

Mfano mzuri sana mkuu, ila uangalie walichofanya. Hawakutumia mirija, walitumia mabwawa ya kina kifupi ya ukoo ule ule wa Oswald. Na hawakukamua mafuta, waliuozesha mwani wote kwenye tangi wakapata biogesi. Kuozesha hakudai mwani safi wala mkavu, na hapo ndipo akili yao ilipo.

Mafuta ni hadithi tofauti. Wizara ya Nishati ya Marekani ilifadhili utafiti wa mafuta ya mwani kuanzia 1978 hadi 1996, wakakusanya aina maelfu za mwani, wakajenga mabwawa jangwani. Waliufunga mradi kwa sababu ya gharama, mwani ulikua vizuri tu. Kama wao walikwama, hiyo bodi yenu ya shule mkuu Kisiki isiweke dizeli ya mwani kwenye bajeti ya mwaka.

Kwa nini ni ghali? Chukua ndoo ya maji ya bwawa. Yanaonekana mazito kama supu, kumbe lita moja ina mwani mkavu wa kama gramu 0.3. Kilo moja ya unga inataka zaidi ya lita 3,000 za maji zichujwe. Na chembe zenyewe ni mikroni chache (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), zinapita kwenye kitambaa, uzito wake unakaribiana na wa maji kwa hiyo hazizami. Utatia shabu zigandane? Basi umenunua shabu, na tope lililojaa shabu nani atalila. Utatumia mashine ya kuzungusha kwa kasi? Umeme huo ungekuendeshea pampu ya shule nzima.

Na hili la kuvuna si la biashara tu, ni la usafi wenyewe. Watu wengi hapa wanapotea, hata wahandisi. Mwani haufuti naitrojeni na fosforasi, unazibeba mwilini. Ukiuacha mwani utoke na maji, umetoa uchafu ule ule umevaa kanzu ya kijani. Kwenye maji yanayotoka bwawani sehemu kubwa ya BOD iliyobaki ni mwani wenyewe, wala si kinyesi tena.

Samaki Mchanga

Hapo umenigusa, mimi ni wa Mwanza. Ziwa letu likigeuka kijani tunaambiwa ni sumu tusinywe, hata Kisumu kule ghuba ya Winam ni hivyo hivyo. Sasa leo kijani kimekuwa dawa?

Mlinda Bwawa

Chakula ni kile kile, ni mahali tu pamebadilika. Naitrojeni na fosforasi ya miji na mashamba ikifika ziwani inalisha mwani huko huko, na mara nyingi unaotawala ni ule wa kijani-buluu kama Microcystis, ambao baadhi yake unatoa sumu ya ini. Bwawani tunataka karamu hiyo iliwe ndani ya uzio, na mabaki yasifike ziwani. Bwawa lisilo na njia ya kuuzuia mwani mlangoni linaanzisha tu kilimo ambacho ziwa litakimalizia.

Sauti ya Mtaa

Na serikali inapimaje? Maana kama mwani unahesabiwa uchafu basi kila bwawa litafeli.

Mlinda Bwawa

Swali la mtu mzima hili. Kiwango cha Tanzania, TZS 860, kinataka BOD isizidi miligramu 30 kwa lita na chembe zinazoelea zisizidi 100. Kenya, kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka BOD 30 pia, lakini chembe zinazoelea 30 tu. Kwa kanuni hizo, maji ya kijani yenye chembe 80 yalipita Holili yakiwa halali, yakivuka mpaka kwenda Taveta yalikuwa kosa! Ulaya, sheria yao ya mwaka 1991 inaruhusu maji ya mabwawa yachujwe kwanza ndipo yapimwe BOD, ili mwani usihesabiwe, ila chembe kabla ya kuchuja zisizidi 150. Mimi hiyo ya Ulaya naiona ina busara kwa maji yanayokwenda shambani. Kwa yanayokwenda ziwani naikataa, kwa sababu niliyomwambia Samaki Mchanga.

Na sampuli jamani! Bwawa la alfajiri na bwawa la saa nane mchana ni mabwawa mawili tofauti. Usiku mwani nao unapumua, oksijeni inashuka mpaka karibu na sifuri. Mchana inazidi hata kiwango ambacho maji yanaweza kushika, inatoka mapovu. Mkaguzi akija mchana kila mara, ripoti itakuwa tamu kila mara.

Mama Kiherehere

Mkuu sasa huo mwani unazuiwaje bila mashine? Umetutisha halafu umetuacha njiani.

Mlinda Bwawa

Ya bei rahisi kabisa kwanza: kina cha bomba la kutolea maji. Kwenye bwawa la pili mwani unajikusanya kwenye tabaka la juu, unapanda na kushuka kufuata mwanga. Ukichota maji juu unachota mwani wote. Weka mdomo wa bomba sentimita 60 chini ya uso wa maji, utashangaa. Ni kiwiko na kipande cha bomba, basi.

Baada ya hapo pitisha kwenye bwawa la matete. Changarawe na mizizi vinakamata chembe, kivuli kinauua mwani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamechunguza mchanganyiko huo wa mabwawa na matete kwa miaka mingi, si jambo la kubahatisha. Matete yakikomaa unakata, na hayo ndiyo mavuno ambayo panga linaweza kuyavuna.

Au samaki. Kolkata, India, kuna ardhi oevu ya hekta 12,500 mashariki ya jiji ambako majitaka yanalisha mabwawa ya samaki, na tangu 2002 imo kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu muhimu duniani. Mwani unakula virutubisho, samaki wanakula mwani, mtu anakula samaki aliyepikwa. Perege wetu kazi hiyo anaiweza. Ila kwenye bwawa la mwisho tu, kule kwingine uhaba wa oksijeni usiku utamuua kabla hujamuua wewe, na kwa shule ningeanza na matete, tuachane na minong'ono ya wazazi.

Dafu Bichi

Na spirulina? Dada yangu anaimeza kila asubuhi na bei yake si mchezo.

Mlinda Bwawa

Spirulina ni chakula halali kabisa. Wanawake wa Kikanembu huko Chad wanaivuna ziwani wanaikausha kuwa mikate, wanaiita dihé, na mwani wa jamii hiyo ndio unaowalisha flamingo wa Nakuru. Lakini angalia inakotoka: maziwa ya magadi, pH ya 9 hadi 11, ambako vijidudu vingi havithubutu. Majitaka ya shule hayafanani na hayo hata kidogo, bwawani kwako utapata Chlorella, Scenedesmus na Euglena wanaojiotea. Isitoshe mwani unanyonya metali nzito kama zipo. Anayekuambia atauza unga wa lishe kutoka kwenye choo cha wanafunzi muombe kibali cha TBS, shirika la viwango, cha unga huo. Kisha msubiri.

Kisiki cha Mvule

Wakuu nimepata silaha. Kikao ni wiki ijayo. Nitawauliza mambo mawili tu: watuoneshe shule ambako mirija hiyo imepitisha majitaka kwa mwaka mzima, na mwani uliovunwa huko umekwenda wapi. Sambamba na hapo nataka kuwapelekea wazo la mabwawa. Tatizo ninaloliona, udongo wa bondeni kwetu ni wa kichanga, na chini kidogo kuna kisima cha kijiji.

Mlinda Bwawa

Kisima hicho ndicho cha kuanza nacho, kabla hata ya mwani. Kichanga hakishiki maji, uchafu utashuka. Aidha mlete udongo wa mfinyanzi mshindilie kwa tabaka, au mtandike nailoni nzito ya mabwawa, na hapo ndipo gharama yenu kubwa itakapokuwa. Chimbeni shimo la majaribio la mita 3 wakati wa masika, muone maji ya ardhini yanapanda mpaka wapi. Yakija juu, bwawa la kwanza lihamishieni upande wa mlima, hata kama itabidi kupiga pampu kwa kipande kidogo. Watu wa mazingira wa serikali, NEMC, wahusisheni mapema, na kibali cha kutiririsha maji mkiombe kwa bodi ya maji ya bonde lenu. Tanga sehemu kubwa iko kwenye bonde la Pangani, ila kama ni upande wa Handeni ulizia kwanza, inaweza kuwa Wami/Ruvu.

Kisiki cha Mvule

Ni Muheza mkuu. Shimo tutachimba.